Kinyesi cha mchangiaji mmoja

Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kutoka Hamilton, Kanada, uliwahusisha watu 75 wenye ugonjwa wa vidonda vya utumbo mpana, ule unaomfanya mtu ahare damu na kukimbilia chooni mchana na usiku. Kila wiki, kwa wiki sita, nusu yao waliwekewa enema ya mililita 50 iliyotengenezwa kwa kinyesi cha mtu mwenye afya njema. Wenzao waliwekewa maji. Ugonjwa ulitulia kwa 9 kati ya 38 waliopata kinyesi, na kwa 2 tu kati ya 37 waliopata maji. La kushangaza zaidi, 7 kati ya wale 9 walikuwa wamepewa kinyesi cha mchangiaji mmoja yuleyule.

Alikuwa na nini mtu huyo? Huenda siri iko kwa bakteria. Ndani ya utumbo mpana wamo matrilioni, na baadhi yao huchachusha nyuzinyuzi za mboga, maharage na nafaka zisizokobolewa, wakatoa asidi iitwayo butireti. Hicho ndicho chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo, na pia hupoza hasira ya kinga ya mwili. Kwa wagonjwa wengi bakteria hao ni wachache. Tena hawavumilii hewa, na utumbo uliovimba huvujisha oksijeni, kwa hiyo ugonjwa wenyewe huzidi kuwaua.

Ndiyo maana watafiti wa Australia, mwaka 2019, waliandaa kinyesi pasipo kukiacha kiguswe na oksijeni. Baada ya wiki nane, ugonjwa ulitulia kwa asilimia 32 ya waliopata kinyesi hicho, dhidi ya asilimia 9 ya waliorudishiwa kinyesi chao wenyewe. Ni hatua kubwa, ingawa wengi bado hawakupona.

Nawasihi wanaoshawishika kujaribu nyumbani waache. Mwaka huohuo wa 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitangaza kifo cha mgonjwa aliyepandikizwa kinyesi chenye bakteria sugu wa dawa. Mchangiaji alionekana mzima kabisa. Mtindi nao, wenye bakteria wake, ni chakula kizuri, lakini usiache dawa ulizoandikiwa kwa ajili yake. Na kwa kuwa kuhara damu huweza kudhaniwa ni amiba, ukiwa umeshatibiwa amiba zaidi ya mara moja na damu bado inatoka, mwombe daktari akupe rufaa ya kupimwa utumbo kwa kamera.