Kimya cha mtu wa spika

Nilikuwa kwa mama ntilie, Viwanja Sitini, Jumamosi alasiri, sahani ya wali na kambale mbele yangu, sauti ilipoanza kuja kutoka upande wa barabarani.

"Leo ndiyo leo, asemaye kesho ni mwongo! Fainali, ng'ombe dume yuko uwanjani amefungwa, macho mekundu, anamsubiri mwenyewe! Saa kumi kamili, uwanja wa shule. Usiku ngoma, sangula kutoka ng'ambo ya mto, halafu muziki mpaka majogoo. Kiingilio shilingi elfu moja, na watoto..."

Hapo ikakatika. Nilidhani betri imekufa. Nikainua macho, nikamwona mzee mmoja ameshuka kwenye baiskeli, anaikokota polepole, kofia ameivua na kuipachika kwenye usukani. Akapita nyumba ya kwanza, ya pili, kisha ya tatu, ambako turubai la bluu lilikuwa limefungwa kwenye mwembe na watu wameketi kwenye mikeka. Hakusimama. Aliinamisha kichwa tu, na chini ya turubai mtu mmoja akainua mkono. Akaendelea kukokota. Nilikuwa nimeanza kuhesabu hatua zake bila kujua kwa nini, na nilifika themanini na sita alipovaa kofia, akapanda baiskeli, na honi ya spika ikarudi:

"...wote chini ya miaka kumi, bure kabisa!"

Hakuanza upya. Hakusema "narudia". Alilichukua neno palepale alipolitua. Mama ntilie hakugeuka hata kutazama, kwa wenyeji hilo ni jambo la kila siku. Mimi nilikuwa nimekwenda Ifakara kwa habari ya bei ya mpunga, na mpunga sikuuwaza tena siku ile.

Ifakara wengi mnaijua: mchele, reli ya TAZARA, Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, na watafiti wa malaria ambao wamekaa na mbu wa bonde hili tangu miaka ya 1950. Ni mji wa tambarare, ndiyo maana baiskeli zimejaa. Na ni mji wa mbao. Tangu mwaka 1992 kampuni ya Kilombero Valley Teak imepanda mitiki pande zote mbili za Mto Kilombero, katika wilaya za Kilombero na Ulanga, na mbao zake nzuri hupakiwa zikavuka bahari. Mabanzi ndiyo hubaki. Utayaona kwenye uzio, kwenye mabanda ya kuku, kwenye viti vya banda umiza ambako vijana hukaa kutazama Simba na Yanga. Burudani nayo ina msimu wake: mpunga ukishavunwa na kuuzwa, na mishahara ikitoka mwisho wa mwezi, hakuna Jumamosi inayopita bure. Mechi ya kugombea mbuzi, mechi ya kugombea ng'ombe, ngoma, disko, mkutano wa injili, maulidi, mnada. Vyote hivyo hupitia mdomo wa mtu mmoja kabla havijafika kwa watu.

"Andika mtu wa spika," aliniambia nilipomuuliza jina, siku ya pili, baada ya shikamoo na marahaba. "Ukiandika jina langu hakuna atakayenijua. Ukiandika mtu wa spika, hata mtoto atakuleta mpaka mlangoni."

Baiskeli yake ni Phoenix nyeusi. Betri ya pikipiki iko nyuma kwenye keria, imefungwa kwa mpira wa tairi, na amplifaya iko juu yake ndani ya boksi la mbao lenye matundu ya kupitisha hewa. Honi iko mbele. Haikufungwa kwenye chuma. Imekalishwa juu ya kipande cha banzi la mtiki alichokichonga mwenyewe, kikachukua umbo la mgongo wa honi kama tandiko linavyochukua mgongo wa punda. Alijaribu mbao nyingine kabla ya hiyo, zikapasuka kwa mvua na mtikisiko. "Mtiki una mafuta ndani," alisema, akikipapasa. "Maji hayauingii. Huu nimeupata bure kwenye takataka za kiwanda, na sasa ni mwaka wa tisa."

Lakini kitu alichotaka hasa nikione kilikuwa kwenye usukani, upande wa kushoto, mahali kidole gumba kinapofika chenyewe. Ni swichi. Swichi ya kawaida ya taa ya chumbani, nyeupe, imekuwa ya manjano kwa jasho la mkono. Nilimwambia nimeiona. Akatikisa kichwa: nimeiona, lakini sijaona waya wake unakwenda wapi.

Mwanzoni, akikaribia nyumba yenye msiba, alikuwa akizima betri. Tatizo ni kwamba ukikata betri ghafla, honi inatoa mlio mmoja mzito, kama mtu aliyepigwa kofi, na ukiiwasha tena inapiga kofi la pili. Aliyefiwa anasikia makofi mawili. "Sasa hiyo ni heshima gani? Umenyamaza, lakini umemshtua." Akajaribu swichi ya maiki yenyewe, nayo inakwaruza. Ndipo, baada ya kuharibu amplifaya moja ambayo bado anaisikitikia, akaiweka swichi kwenye waya unaotoka kwenye amplifaya kwenda kwenye honi. Anateremsha sauti kwanza kwa mkono wa kulia, kisha gumba la kushoto linabonyeza. Alitaka niweke sikio karibu na honi, akafanya hivyo mara tatu. Nilisikia "tik" ya plastiki, basi. Mtu aliye hatua mbili asingesikia chochote.

Nimekutana na mafundi wa redio na mafundi wa kumbi kubwa Dar es Salaam. Sijawahi kukutana na fundi aliyehangaika miaka kadhaa ili kimya chake kisiwe na kelele.

Kisha akaanza kunifundisha, maana ndivyo alivyoyachukulia mazungumzo yale. Kunyamaza ukiwa mlangoni pa msiba ni kuchelewa. Wameshakusikia tangu nyumba kumi nyuma. Kwa hiyo lazima ujue kabla, na ukate mapema, na uende kwa miguu, kwa sababu mtu anayepita mbio juu ya baiskeli mbele ya wafiwa ni kama anawakimbia. Na kwa nini asirudie tangazo tangu mwanzo?

"Nikirudia mwanzo, kila mtu atajua kwamba nilikatizwa. Itakuwa kama nalalamika. Nikiendelea palepale, ni kwamba msiba ulitaka njia, na maneno yakaupisha. Halafu mwanangu, neno ulilolikata ni deni. Watoto waliokuwa wananifuata nyuma walishasikia 'na watoto'. Lazima wajue watoto wamefanyaje."

Msiba wenyewe ukihitaji kutangazwa, anautangaza pia, lakini kwa mzunguko wake, kwa miguu, baiskeli mkononi, bila muziki na bila malipo. Jina la marehemu, ni mzazi au mtoto wa nani, anazikwa lini, wapi. Namna ya kusoma aliipata utotoni kwenye matangazo ya vifo ya Radio Tanzania, wakati nyumba nzima iliponyamaza kusikiliza kama kuna jina la mtu wao. "Yule msomaji hakulia na hakuimba. Alisema tu, mpaka mwisho, na kila jina alilipa nafasi yake." Leo kuna Pambazuko FM hapahapa Ifakara na kuna makundi ya WhatsApp, lakini wapo wazee ambao kwao kifo hakijawa kweli mpaka spika ipite.

Anajuaje nyumba zenye msiba? Hapo ndipo aliponichukua, asubuhi, kabla jua halijawa kali, kwenye mzunguko anaoufanya bila honi. Tulipita bombani, akasalimia kina mama kwa majina ya watoto wao. Tulipita kwa kinyozi na kwa muuza chai. Lakini kituo chake kikuu ni kwa maseremala. Alisimama nje ya karakana moja, hakuingia, akatazama tu. Ndani kijana alikuwa anapiga randa mguu wa kitanda. Akasema, "Salama," tukaondoka. Karakana ya pili kulikuwa na milango. Ya tatu, mbao mbili za msindano zilikuwa zimelazwa sambamba juu ya meza, ndefu, nyembamba, na seremala alikuwa amezipima bila kuimba. Mzee akavua kofia.

"Nani?"

Seremala akamwambia. Hawakusema zaidi ya hapo.

Karakana zile zile ndizo hupigilia majukwaa ya sherehe. Jukwaa la ngoma ya Jumamosi ile lilikuwa limetoka hapo siku ya Alhamisi. Kwenye mji wa mbao, seremala anajua kabla ya mtendaji wa kata na kabla ya simu, na mtu wa spika ana desturi ya kuanzia kwake.

Kuna kosa moja ambalo alinisimulia bila kuulizwa, akiwa ameketi kwenye ngazi ya nyumba yake, akitazama chini. Nyumba isiyo na turubai. Mtoto mchanga, wa siku chache, alikuwa amefariki alfajiri, na kama ilivyo kwa watoto wadogo namna ile, kina mama walikuwa wamekaa ndani kimyakimya, hakuna mikeka nje, hakuna moto. Hakuna seremala aliyeitwa. Yeye akapita na tangazo lake la ngoma, akasimama mlangoni kabisa kwa sababu pana kivuli cha mwembe, akachekesha watoto wa jirani pale kwa dakika nyingi. Aliambiwa siku ya tatu. Alikwenda, akaketi na babu wa mtoto. Babu akamwambia hakuna ubaya, hukujua.

"Hakuna ubaya," alirudia. "Lakini mama wa mtoto hajawahi kunisalimia. Na simlaumu."

Ndiyo maana akaongeza bombani kwenye mzunguko wake. Mama asiyekuja kuchota maji, wenzake wanajua kwa nini.

Nilipokuwa naondoka kwake nilikumbuka kitu kingine kuhusu spika za bonde hili na watoto. Mwaka 1997 mradi wa KINET ulianza kuuza vyandarua vyenye dawa vilivyoitwa Zuia Mbu, Kilombero na Ulanga, na watafiti walikuja kuandika kwamba vilihusishwa na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika kwa watoto wa kati ya mwezi 1 na miaka 4. Mtu wa spika alikuwa kijana wakati huo, na anaamini ni kwa matangazo ya vyandarua hivyo ndipo watu walipozoea kwamba kelele barabarani yaweza kuwa na jambo la maana ndani yake. Mpaka leo chanjo zikifika, mtoto akipotea, maji yakikatwa, wanamwita yeye yuleyule anayetangaza sangula.

Ila wanamwita mara chache kuliko zamani, na sababu niliiona kwa macho. Jumapili, saa nne asubuhi, ilipita pikipiki yenye spika mbili na kijana aliyevaa miwani ya jua. Hakuwa na maiki. Tangazo lilikuwa limerekodiwa studio, sauti nzuri kuliko ya mzee, na muziki chini yake, limewekwa kwenye flashi na linajirudia kila baada ya nusu dakika. Lilikuwa la disko. Lilikuja, likapita mbele ya turubai la bluu, likajirudia mbele ya turubai la bluu, likaenda. Wazee chini ya mwembe walitazamana. Kijana hakuwa na nia mbaya, namwamini. Baadaye nilimkuta anakunywa soda nikamuuliza, akaniambia hakuuona msiba, na kwamba hata angeuona, flashi inaendelea mpaka uichomoe, na bosi wake analipa kwa kilomita.

Nani angemwambia? Kanuni za mwaka 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo zinapima sauti kwa desibeli. Hakuna desibeli ya msiba. Je, halmashauri ikitoa kibali cha matangazo iandike na hili? Likiandikwa, litakuwa bado adabu, au litakuwa faini tu? Na wenye disko, ambao wengi wao ni watoto wa mji huu, wanalipia kilomita za nini ikiwa sauti yao inafika mahali wasipotaka kusikika? Nilimuuliza mzee maswali haya yote. Alijibu moja tu.

"Yule kijana nilimwita. Nikamwonyesha swichi yangu. Akasema mzee, hii nitaifunga wapi kwenye pikipiki? Nikamwambia lete pikipiki."

Hajaileta bado.

Mazishi yalikuwa Jumapili hiyo saa tisa alasiri. Ng'ombe dume alichukuliwa na timu ya vijana wa upande wa reli. Ngoma ya Jumamosi usiku ilichezwa, na nilisimama pale nikaona kwamba spika za jukwaa, ambazo mchana zilielekea kwenye nyumba, zilikuwa zimegeuzwa kuelekea mashamba ya mpunga. Aliyezigeuza alikuwa amesimama pembeni na baiskeli yake.

Wewe unayeandaa mechi, ngoma au disko wiki ijayo, na umeshamkodi kijana mwenye pikipiki na flashi: kabla hajaondoka, mwonyeshe inapozimwa, na mtajie nyumba.