Mnunuzi wa Gari Aambiwe Bei Yote

Bagamoyo ni mji uliozoea forodha. Kabla ya reli na kabla ya lami, mizigo mingi iliyotoka bara kwenda Unguja, na iliyotoka Unguja kwenda bara, ilipita katika pwani yetu hii. Kwa hiyo mtu wa Dunda, wa Kaole au wa Mlingotini hahitaji kufundishwa maana ya ushuru. Babu zake waliujua, na yeye ameukuta. Tunalisema hili mapema ili pasiwe na msomaji atakayedhani kuwa safu hii leo inalalamikia kodi. Kodi ni haki ya Serikali. Barabara ya Makofia kwenda Msata haikujengwa kwa dua, na zahanati haziendeshwi kwa maneno matupu. Tunachokizungumza ni jambo jingine kabisa, nalo ni mwananchi kuingia katika deni asilolijua mwisho wake kwa sababu hakuna aliyemwambia mwanzo.

Ndugu yangu mmoja wa upande wa mama ni mchuuzi wa samaki hapa mjini. Kwa miaka mingi amekuwa akipakia samaki wake katika mabasi ya abiria, akigombana na makondakta juu ya harufu na maji ya barafu. Alijinyima, akaweka akiba, akaazimia kununua kirikuu cha kupelekea samaki Dar es Salaam na Chalinze. Jamaa zake wa Unguja wakamwambia kuwa kule magari ni nafuu. Akavuka, akalipa, gari likapakiwa chomboni na kuvushwa. Alipofika Bara ndipo alipoambiwa kuwa namba ya Zanzibar haimruhusu kulitumia moja kwa moja huku mpaka alipe tofauti ya kodi na kusajili upya. Akajitokeza mtu akajiita wakala, akapokea fedha mara mbili bila kutoa risiti hata moja. Kirikuu kikalala miezi mitatu chini ya mwembe. Hatimaye ndugu yangu aliuza mashine ya boti yake ili akamilishe malipo. Leo ana gari la kubebea samaki, lakini hana chombo cha kuwavulia.

Nilipokwenda kumpa pole aliniambia maneno ambayo sijayasahau: "Kaka, mimi sikukataa kulipa. Ningeambiwa mwanzo ningejipanga, au ningeacha."

Hapo ndipo ulipo msingi wa makala haya. Hebu tuitazame bei ya gari jinsi ilivyo, kipengele kwa kipengele.

Magari mengi yanayoingia nchini mwetu ni ya mtumba kutoka Japani. Mnunuzi huona bei, akapiga hesabu, akafurahi. Lakini hiyo ni bei ya gari likiwa ng'ambo. Likiingia nchini hukutana kwanza na ushuru wa forodha, ambao kwa magari ya abiria umekuwa asilimia 25 chini ya utaratibu wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Juu yake huja ushuru wa bidhaa unaofuata ukubwa wa injini. Isiyozidi sentimita za ujazo 1000 haitozwi, inayozidi hapo mpaka 2000 hutozwa asilimia 5, na kubwa zaidi asilimia 10. Gari la abiria likiwa na umri wa zaidi ya miaka 10 huongezewa ushuru wa uchakavu wa asilimia 30. Baada ya yote hayo huja kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18, ambayo haipigwi juu ya bei ya gari peke yake bali juu ya bei pamoja na ushuru wote uliotangulia.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Gari la abiria lenye injini ya 1500, lililopita miaka 10, limefika bandarini likiwa na thamani ya shilingi 10,000,000 pamoja na nauli na bima ya safari. Ushuru wa forodha ni shilingi 2,500,000. Ushuru wa bidhaa ni 625,000. Ushuru wa uchakavu ni 3,750,000. Kodi ya ongezeko la thamani ni 3,037,500. Jumla yake ni shilingi 9,912,500. Yaani mtu amenunua gari moja kwa bei ya magari mawili, na hapo hatujataja ada ya nyaraka za forodha, tozo ya maendeleo ya reli iliyoanzishwa mwaka 2015, ada ya usajili, gharama za bandari, za meli, za ukaguzi wa ubora, wala ujira wa wakala. Likichelewa kutoka, gharama za kulihifadhi huhesabiwa kwa siku.

Liko na jambo jingine ambalo wanunuzi wengi hawalijui. Thamani inayopigiwa kodi si lazima iwe ile iliyoandikwa katika ankara ya muuzaji. Mamlaka ya Mapato ina orodha yake ya thamani za magari ya mtumba, na kikokotoo chake kiko wazi kwa kila mwenye simu ya intaneti. Mtu akipata gari kwa bei ya bahati huko Japani, bahati hiyo haivuki bahari pamoja naye. Hatusemi kuwa utaratibu huo ni mbaya, kwani wako wanaoghushi ankara. Tunasema kwamba mnunuzi ambaye hakukitazama kikokotoo kabla ya kutuma fedha amenunua mbuzi ndani ya gunia.

Gari likishapata namba, gharama haziishi. Sheria inamtaka mwenye gari awe na bima, na ile ndogo kabisa ya gari binafsi, ya kumlinda mtu wa tatu, imekuwa shilingi 118,000 kwa mwaka kodi ikiwamo. Kuna ada za maegesho mjini, kuna stika za usalama barabarani, na kosa moja la barabarani ni shilingi 30,000. Anayenunua gari lililokwisha kutumika hapa nchini hulipia uhamisho wa umiliki, ikiwamo asilimia moja ya thamani yake. Wengi hukwepa malipo hayo, wakatembea na kadi yenye jina la mtu mwingine. Matokeo yake muuzaji hudaiwa faini za gari asilolijua liko wapi, na mnunuzi siku ya ajali au ya mirathi hana cha kuonyesha kuwa mali ni yake.

Haki inatutaka tuseme pia mema yaliyotendwa. Mwaka 2017 Serikali iliifuta ada ya mwaka ya leseni ya magari. Wazee wa hapa wanakumbuka jinsi gari bovu lililokaa juu ya mawe uani lilivyokuwa likizalisha deni mwaka hata mwaka kana kwamba linatembea. Mahali pa ada hiyo, ada ya usajili inayolipwa mara moja ilipandishwa, na shilingi 40 zikaongezwa katika kila lita ya petroli, dizeli na mafuta ya taa. Mwaka 2021 ziliongezwa shilingi 100 katika lita ya petroli na dizeli, na mwaka 2023 zikaongezwa 100 nyingine. Hoja yake inaeleweka, kwamba anayetembea sana alipe zaidi na anayeegesha asilipe.

Hata hivyo, sisi wa mwambao tuna neno la kuongeza. Petroli haichomwi barabarani tu. Mvuvi wa Bara anayewasha mashine ya boti alfajiri kwenda Mwambakuni au nje ya Saadani naye hununua petroli ile ile katika kituo kile kile, akachangia barabara ilhali njia yake ni maji. Mama aliyewasha kibatari naye alizilipa zile shilingi 40. Tozo iliyofichwa ndani ya bei ya mafuta haionekani, na kwa kuwa haionekani, wanaoilipa hawajui waulize kwa nani. Maofisa wanaopanga viwango huko Dodoma wangefanya vyema kumkumbuka mtu huyo.

Ndugu msomaji, turudi kidogo nyuma, maana historia ya pwani hii ina somo linalofaa. Burton na Speke walipoondoka Kaole mwaka 1857, na Stanley alipoondoka Bagamoyo mwaka 1871, misafara yao ilibeba majora ya nguo na shanga za kulipia njia. Kila walipofika katika nchi ya mtemi, hasa Ugogo, walitakiwa kutoa hongo. Neno hilo halikuwa tusi wakati ule. Hongo ilikuwa ushuru wa kupita, ikitolewa hadharani na kupokewa hadharani, na mwenye nchi akiwa na sababu yake, kwani maji ya visima vyake yalinywewa na mamia ya wapagazi. Ubaya wake ulikuwa mmoja. Haikuwa na kiwango kinachojulikana. Ilitegemea hali ya siku hiyo, ukubwa wa msafara na ulimi wa mjumbe. Msafara haukuweza kujua utalipa kiasi gani mpaka umekwisha fika, na ukishafika huwezi tena kurudi. Leo neno hongo kila mmoja wetu analijua kwa maana moja tu, ya rushwa. Neno halikubadilika kwa bahati mbaya. Malipo yasiyo na kiwango wala risiti huishia huko.

Sasa tuulinganishe utaratibu huo na wa upande wa pili wa bahari. Mwaka 1833 Sayyid Said bin Sultan alitiliana mkataba wa biashara na Marekani, mjumbe wao akiwa Edmund Roberts. Katika mkataba huo wafanyabiashara wa Kimarekani walikubaliwa kulipa asilimia 5 ya mzigo ulioshushwa, na hiyo ikawa badala ya kila malipo mengine, yakiwamo ya kutia nanga, ya rubani na ya leseni. Mgeni alijua, kabla hajang'oa nanga kwao, atakacholipa Unguja. Hatupendekezi kurudi kwenye asilimia 5, wala hatusahau kuwa mkataba ule uliwafaa zaidi wageni kuliko wenyeji. Lakini ikiwa baharia wa Kimarekani karibu karne mbili zilizopita aliweza kuambiwa bei yote kwa sentensi moja, mchuuzi wa samaki wa Bagamoyo anakosa nini asiambiwe?

Hapo linakuja suala la visiwani. Ushuru wa forodha ni jambo la Muungano, lakini usajili wa vyombo vya moto si la Muungano. Kwa hiyo gari lenye namba ya Z na gari lenye namba ya T ni magari ya nchi moja yenye milango miwili. Mzanzibari anayehamia Bara na gari lake, au mtu wa Bara anayenunua Unguja, hukutana na tofauti ya kodi kwa sababu thamani na viwango vya pande mbili havikulingana. Usajili wa vyombo vya moto umewahi kutajwa rasmi miongoni mwa changamoto za Muungano zinazojadiliwa na Serikali zetu mbili. Ni vyema kwamba umetajwa. Lakini kwa mwenye gari lililolala chini ya mwembe, kila mwezi wa majadiliano ni mwezi wa hasara. Na sote tunajua kuwa mahali ambapo njia halali ina vikwazo visivyoeleweka, bandari bubu hazikosi wateja.

Basi nini kifanyike? Kwanza, bei yote iandikwe katika karatasi moja, kwa Kiswahili chepesi, ibandikwe katika ofisi za vijiji na mitaa, bandarini Malindi na hapa Bagamoyo, nayo ibadilishwe kila viwango vinapobadilishwa na bajeti ya Juni. Pili, pale inapowezekana, malipo ya serikali kwa gari moja yakusanywe katika namba moja ya malipo, ili mwananchi asizunguke madirisha sita akikutana na kishoka katika kila mlango. Tatu, mnunuzi wa gari la Zanzibar aelezwe kwa maandishi, kabla hajalipa, atakachodaiwa Bara. Hili la tatu halihitaji kungoja mwisho wa majadiliano yoyote. Linahitaji karatasi na wino.

Na sisi wananchi tunao wajibu wetu. Anayempa kishoka fedha bila risiti, kisha akalalamika kuwa ameibiwa, amesaidia kuibiwa. Anayetembea na kadi ya mtu mwingine ili akwepe uhamisho anajifungia mlango wake mwenyewe. Tuulize kabla ya kununua, tupige hesabu kabla ya kutuma, tudai risiti kabla ya kuondoka. Chuoni, tulipokuwa watoto, mwalimu alitufundisha kuwa mizani ni amana, na kuwa anayepunguza kipimo amedhulumu hata kama alichopunguza ni punje. Mizani ina pande mbili: mlipaji asipunguze, na mpokeaji asifiche.

Ndugu yangu yule bado anadunduliza ili apate mashine nyingine ya boti. Safari hii, kabla ya kununua chochote, amekuja kwangu na daftari na kalamu. Ameandika maswali kumi na moja. Tumekwisha kuyajibu manne. Tunawaomba wahusika watusaidie hayo saba yaliyobaki.