Kamba na Walinzi Wake

Magharibi ya Mpanda, kule Karema, nchi ya Katavi hukoma penye Ziwa Tanganyika. Katika ziwa hilo wamo kamba wadogo sana, wajifichao katikati ya mawe. Samaki huwawinda, lakini wana adui wengine wasioonekana kwa macho, nao ni vijidudu vya maradhi.

Ngao ya kwanza ya kila kamba ni gamba lake. Walakini, kila akuapo hulivua, akakaa laini mpaka gamba jipya likauke. Hapo vijidudu hupata njia ya kuingia.

Ndani vyakuta walinzi. Damu ya kamba si nyekundu, na ndani yake mna protini ziitwazo lektini. Juu ya vijidudu vingi mna sukari za namna yake. Lektini huzitambua, kama mchungaji atambuavyo alama ya ng'ombe mgeni. Huvishika vijidudu na kuvigandamanisha, kisha chembe za damu huja zikavimeza.

Mtu akiisha kuugua surua, mwili wake huukumbuka ugonjwa ule kwa kingamwili. Kamba hana kingamwili. Hutegemea silaha alizozaliwa nazo, nazo hazimtoshi sikuzote. Katika mwaka wa 2011 ugonjwa wa madoa meupe, uletwao na virusi, uliwaua kamba wengi waliofugwa Msumbiji. Kwa hiyo mfugaji mwenye busara hangoji kamba waugue: husafisha bwawa, wala hatii ndani kamba asiyejua atokako.