Kinachoua betri ya kompyuta mpakato ni joto na kujaa

Katika maduka ya kompyuta za mtumba pale Kariakoo, mnunuzi hukagua skrini, hujaribu kibodi, kisha huuliza: betri inakaa saa ngapi? Muuzaji hujibu upesi kwamba inakaa saa tatu, nne, haina tatizo. Baada ya muda kompyuta hiyo haimalizi hata kikao kimoja bila waya, na mwenyewe haendi popote bila chaja. Lawama humwangukia muuzaji, na pengine anastahili. Lakini betri nyingi hufia mikononi mwa wenyewe, wanaofuata ushauri waliopewa kwa nia njema: ijaze hadi asilimia 100, iache iishe kabisa, ndipo uichaji tena.

Ushauri huo ulikuwa na maana enzi za betri za nikeli na kadimi. Zile zilikuwa na kasoro yake: ukizizoesha kuchajiwa zikiwa nusu, hatimaye zilianza kuzimika zikifika nusu. Betri za lithiamu, ambazo kampuni ya Sony iliziingiza sokoni mwaka 1991, hazina kasoro hiyo. Ndizo zilizowapatia John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019, na ndizo zilizomo katika karibu kila kompyuta mpakato inayouzwa leo. Betri zilibadilika, ushauri ukabaki uleule.

Inazeeka hata ikiwa imezimwa

Unapochaji, chembe za lithiamu huhama upande mmoja wa betri na kuingia kwenye grafiti iliyo upande wa pili. Unapotumia, hurudi zilikotoka. Katika kwenda na kurudi huko, utando mwembamba hujengeka juu ya grafiti na kumeza sehemu ya lithiamu, na iliyomezwa hairudi tena kazini. Betri nyingi za kawaida huhimili mizunguko 300 hadi 500 kabla mwenyewe hajaanza kulalamika. Apple husema MacBook zake za miaka ya karibuni hufika mizunguko 1,000 zikiwa bado na asilimia 80 ya uwezo. Mzunguko mmoja ni matumizi ya asilimia 100 kwa jumla: ukitumia nusu leo na nusu kesho, umehesabiwa mmoja tu.

Wengi hawajui kwamba utando huo hukua hata kompyuta ikiwa imezimwa kabatini, na kwamba mambo mawili huuharakisha: joto, na betri kukaa ikiwa imejaa pomoni. Makadirio yanayotumiwa sana na wataalamu wa betri yanaeleza vizuri. Betri iliyohifadhiwa mwaka mzima kwenye nyuzi joto 25 za Selsiasi ikiwa na chaji ya asilimia 40 hubaki na takriban asilimia 96 ya uwezo wake. Ikihifadhiwa kwenye joto hilohilo ikiwa imejaa, hubaki na asilimia 80. Joto likipanda hadi nyuzi 40, ile ya kwanza hushuka hadi asilimia 85, na iliyojaa hadi 65. Theluthi ya betri imepotea, na hakuna aliyeandika hata herufi moja.

Hapo ndipo sisi tunaoishi Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja tunapaswa kujitazama. Apple huonya kwamba mazingira yenye joto la zaidi ya nyuzi 35 yanaweza kupunguza uwezo wa betri kwa kudumu. Chumba chini ya bati lisilo na dari hufika huko mchana wa Januari bila shida, na gari lililofungwa juani hupita nyuzi 50. Kompyuta yenyewe nayo hujiongezea joto inapofanya kazi. Ukiiweka juu ya godoro au mto, matundu ya kupitishia hewa huziba, feni huhangaika, na betri hupikwa taratibu kutoka chini.

Tuijaze au tusiijaze?

Msomaji atauliza: umeme unakatika bila taarifa, nawezaje kuacha betri bila kuijaza? Swali ni la haki. Aliyepitia mgao wa umeme hujifunza kuacha kompyuta kwenye soketi mchana na usiku, ili giza likiingia awe na akiba. Kwa kufanya hivyo betri haichajiwi kupita kiasi, maana kompyuta yenyewe hukata ikifika 100. Tatizo ni kwamba inakaa imejaa, tena ikiwa ya moto, wiki baada ya wiki.

Njia ya kati ipo. Seli moja ya lithiamu iliyojaa huwa na volti 4.2. Ukiishia volti 4.1 tu, idadi ya mizunguko huweza kukaribia mara mbili. Ndiyo sababu watengenezaji wengi wameweka kikomo cha chaji. Lenovo wanacho ndani ya programu ya Vantage, ASUS ndani ya MyASUS, na Dell na HP katika mipangilio ya BIOS, ile inayofunguliwa kompyuta inapowaka, ya modeli nyingi. Kikomo kwa kawaida huwekwa kati ya asilimia 60 na 80. Weka 80 kwa siku za kawaida. Ukijua umeme utakatika au unasafiri, ondoa kikomo ujaze usiku wa kuamkia siku hiyo. Kama kompyuta yako haina kikomo, chomoa ikikaribia 80 na urudishe kabla haijashuka chini ya 20.

Anayeiacha kompyuta likizo nzima, iwe ya mwanafunzi au ya maabara ya shule, aizime ikiwa na nusu ya chaji na aiweke mahali penye ubaridi. Ikiachwa tupu kwa miezi, volti hushuka mno na betri huweza kukataa kuchaji kabisa.

Kuhusu betri kukaa saa nyingi kila siku, maelezo ni mafupi: skrini ndiyo mlaji mkubwa, kwa hiyo punguza mwanga wake kwanza. Kisha funga kurasa za intaneti usizosoma, na ukiwa huitumii kompyuta kwa muda mrefu, izime.

Kabla ya kutoa pesa

Anayenunua kompyuta ya mtumba yenye Windows asiridhike na neno la muuzaji. Afungue dirisha la amri, aandike powercfg /batteryreport, kisha afungue ripoti itakayotengenezwa. Humo kuna uwezo betri iliotoka nao kiwandani na uwezo ilionao sasa ikijaa. Kama wa kwanza ni 50,000 na wa pili ni 25,000, unanunua nusu ya betri. Dai bei ishuke.

Ukiona kifuniko cha chini kimeinuka au padi ya kugusa imebinuka, betri imevimba kwa gesi. Zima kompyuta, usiichaji, usiibonyeze wala kuitoboa, mpelekee fundi, na usiitupe jalalani, kwa sababu inaweza kuwaka moto.

Gharama ya uzembe huu haiishii mfukoni. Betri nyingi za kompyuta hutumia kobalti, na takriban asilimia 70 ya kobalti ya dunia huchimbwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hasa kuzunguka Kolwezi, ambako wachimbaji wengi, wazungumzaji wenzetu wa Kiswahili, hushuka mashimoni kwa koleo na sururu. Kila betri inayotupwa kabla ya wakati huagiza nyingine kutoka ardhini humo.

Kwa hiyo, kabla hujatafuta betri mpya, weka kikomo cha asilimia 80, iondoe kompyuta kitandani, na usiiache garini. Yote matatu hayagharimu hata shilingi.