Breki za Ringi au Breki za Diski? Mambo ya Kujua Kabla Kamati Haijanunua Baiskeli



Parokia inapopata msaada wa baiskeli kwa ajili ya makatekista au wanaohudumia wagonjwa majumbani, kamati hujadili bei na idadi. Breki hukumbukwa mwisho, au hazikumbukwi kabisa. Lakini mhudumu anayepita Mtaa wa Msimbazi pale Kariakoo hukutana na magari, bodaboda, guta, mikokoteni na watu wanaovuka wakiwa na mizigo kichwani. Pale, breki ndiyo inayoamua kama atafika salama, na kama mama anayevuka mbele yake atafika salama pia.

Siku hizi muuza duka anaweza kukuuliza: unataka yenye breki za kawaida au za diski? Makala hii inaeleza tofauti zake ili kamati ichague kwa kuelewa.

Breki za ringi

Hizi hukamata ukingo wa gurudumu. Ukibana mkono wa breki, vipande viwili vya raba husugua ringi hadi gurudumu lisimame. Baiskeli zetu za zamani kama Phoenix na Avon hutumia vyuma vinavyovuta raba kutoka chini ya ringi. Baiskeli nyingine hutumia waya, na raba hubana ringi kutoka pande mbili.

Uzuri wake ni wepesi wa matengenezo. Fundi wa chini ya mwembe mwenye spana na koleo anaziweza, na raba zake ni za bei nafuu.

Udhaifu wake ni maji. Ringi ikilowa, raba huteleza mpaka zifute maji kwanza. Gurudumu la inchi 26 likizunguka mara moja, baiskeli imesogea mita 2 hivi. Likizunguka mara mbili kabla breki haijashika, mita 4 zimepotea, na mita 4 mbele yako Kariakoo hazikosi mtu. Ringi za chuma ndizo zinazoteleza zaidi. Za alumini hushika vizuri zaidi zikilowa. Aidha, mchanga unaonasa kwenye raba hula ringi taratibu, na ringi iliyopinda hugusa raba upande mmoja.

Breki za diski

Hapa kuna sahani nyembamba ya chuma iliyofungwa kwenye habu, katikati ya gurudumu, na pedi mbili ndogo huibana. Kwa kuwa sahani iko mbali na tope na madimbwi, breki hushika vizuri hata wakati wa masika. Ringi ikipinda kidogo, breki haijali.

Hata hivyo, zina masharti yake. Sahani ikigongwa, kwa mfano baiskeli zinapolazwa moja juu ya nyingine kwenye gari la mizigo, hupinda na kukwaruza pedi. Tone la oili ya mnyororo likifika kwenye pedi, breki hupoteza nguvu, na mara nyingi dawa ni kununua pedi mpya. Pedi nazo zina maumbo mengi. Ya breki moja huenda isiingie kwenye nyingine.

Diski ziko za aina mbili. Za waya hurekebishwa kwa spana. Za mafuta hushika kwa nguvu zaidi, lakini hutaka vifaa maalumu vya kutoa hewa kwenye mirija, na kila moja hutaka mafuta ya aina yake. Ukichanganya mafuta, mipira ya ndani huharibika.

Tena, kwa kawaida huwezi kununua baiskeli ya breki za ringi leo na kuifunga diski kesho. Uma wa mbele, fremu na habu lazima viwe vimetengenezwa kwa ajili hiyo.

Ipi inafaa jijini?

Kariakoo, Ilala na Upanga ni tambarare. Hakuna miteremko mirefu kama ya Lushoto, ambako breki hukamatwa kwa muda mrefu mpaka zikapata moto. Mwendo wa jijini ni wa taratibu, wa kusimama na kuondoka. Kwa hiyo, kwa mhudumu wa kawaida mwenye mkoba wa dawa kwenye keria, breki za ringi za waya zenye ringi za alumini zinatosha. Diski za waya zifikiriwe kwa anayebeba mizigo mizito kila siku, mvua au jua, pale tu fundi wa jirani anapozijua na pedi zake zinapatikana. Diski za mafuta tungeshauri ziachwe.

Ukichagua baiskeli ya mtumba kutoka Japani, mara nyingi utakuta breki ya nyuma imefunikwa kwenye habu. Hiyo haisumbuliwi sana na mvua, lakini breki ya mbele bado ni ya ringi na inahitaji raba nzima.

Ukaguzi wa kila wiki

Kabla ya kuondoka, bana breki ya mbele na sukuma baiskeli: gurudumu lisizunguke. Fanya hivyo na ya nyuma. Mkono wa breki ukigusa usukani, waya umelegea. Raba ambayo mifereji yake imekwisha ibadilishwe. Waya uliochanika hata uzi mmoja usisubiri.

Tuwafundishe pia wahudumu kutumia breki zote mbili. Wengi huiogopa ya mbele, kumbe ndiyo yenye nguvu zaidi, kwa sababu uzito huegemea mbele unaposimama. Ikamatwe taratibu pamoja na ya nyuma. Mvua ikinyesha, waanze kubana mapema ili ringi zikauke.

Neno kwa kamati na wafadhili

Bajeti ya baiskeli isiishie dukani. Ni heri kununua baiskeli 9 na kubaki na fedha za raba, waya na fundi, kuliko kununua 10 ambazo baada ya masika mbili husimamishwa kwa kandambili. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na hapa ukuta wenyewe ni mguu wa mtu, au uhai wake.

Mungu awabariki nyote mnaowafikia wagonjwa, na awarudishe nyumbani salama.