Tuwaulizie na Moyo

Alfajiri, vidole vya mama vimevimba na kukakamaa. Hata kutia udhu ni mashaka. Twamuuliza viungo vimeamkaje. Moyo hatuuulizii.

Baridi yabisi huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, na mara nyingi huandamana na sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka. Nayo hujificha, kwani uchovu na kukosa usingizi twavihesabu kuwa ni vya viungo, na huzuni twaiita upungufu wa imani. La, hayo ni maradhi, nayo huzidisha maumivu na kumfanya mgonjwa aache dawa.

Uchunguzi huanza kwa maswali mawili. Katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umekosa hamu ya mambo? Ni mara ngapi umeona huzuni au kukata tamaa? Zikiwa ni siku nyingi, daktari aelezwe, amuulize maswali 9 kamili. Akitaja kutamani kifo, asiachwe peke yake. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Subira haikatazi tiba. Kesho, tukimmiminia mama maji ya udhu, tumuulizie na moyo wake.