Punguza kwanza, ongeza baadaye: Siri ya kupata sauti tamu kwenye hedifoni

Umepanda matatu steji ya Otonglo asubuhi, unaelekea Kisumu mjini. Injini inanguruma, makanga anaita abiria, na spika iliyo chini ya kiti inadunda wimbo ambao hukuuchagua. Unavaa iafoni, unaweka benga. Besi haisikiki. Unaongeza sauti. Bado. Unaongeza tena. Ukishuka mjini, masikio yanalia "nziii" kana kwamba mbu ameingia humo.

Mlio huo usiuchukulie mzaha. Ndani ya sikio kuna seli zenye vinywele vidogo zinazopokea sauti, na zikifa hazioti tena. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri kwamba kwa sauti ya desibeli 80, usizidishe saa 40 kwa wiki. Ukifika desibeli 90, muda huo unashuka hadi saa 4 pekee. Hizo unaweza kuzimaliza kwa safari za wiki moja tu.

Kwa hivyo kabla hujaongeza sauti, fungua ikolaiza. Simu nyingi huwa nayo kwenye mipangilio ya sauti, na Spotify pia inayo. Ni vile vijiti unavyosukuma juu na chini: vya kushoto ni vya besi, vya katikati ni vya sauti za watu na gitaa, vya kulia ni vya sauti nyembamba kama za kayamba.

Fanya kazi hii nyumbani, mahali pametulia.

Kwanza, angalia ile mipira ya iafoni. Isipoziba sikio sawasawa, besi inavuja na kelele za nje zinaingia. Jaribu saizi nyingine kabla ya kulaumu simu.

Pili, rudisha vijiti vyote kwenye sifuri, kisha ucheze wimbo unaoujua vizuri. Jaribu "Kothbiro" wake Ayub Ogada, aliyefariki mwaka wa 2019 huku huku Kaunti ya Kisumu. Nyatiti ina nyuzi nane. Je, unasikia kila uzi ukilia peke yake, ama zote zimechanganyika kama uji?

Tatu, punguza. Wengi wetu hukimbilia kupandisha besi hadi mwisho. Matokeo? Besi inamfunika mwimbaji, na sauti inaanza kukwaruza. Muziki ukivuma kama mtu anayeimba ndani ya pipa, shusha kijiti kilicho karibu na hezi 230, desibeli 2 au 3 hivi. Herufi "s" zikichoma masikio, shusha kidogo kijiti cha kulia kabisa. Maneno yasipoeleweka, ndipo upandishe kile cha karibu na hezi 3,600, lakini desibeli 1 au 2 inatosha. Hapo ndipo sikio la binadamu ni jepesi zaidi, na ukizidisha utachoka haraka.

Sasa weka benga ya D.O. Misiani na Shirati Jazz. Gitaa la besi na la solo hukimbizana mwanzo hadi mwisho. Ukisikia moja likimeza lingine, bado hujafika.

Kuna mtego mmoja: sauti ya juu zaidi hudanganya sikio kuwa ni tamu zaidi. Unapozima na kuwasha ikolaiza ili kulinganisha, hakikisha ukubwa wa sauti haubadiliki. La sivyo utachagua kelele ukidhani umechagua utamu.

Ukiridhika, hifadhi mpangilio wako. Kesho ndani ya matatu besi itaonekana imepungua. Haijaenda popote, ngurumo ya injini ndiyo imeifunika, kwa sababu nayo ni sauti nzito. Usiifukuze kwa kuongeza sauti. Ikolaiza haizimi injini, wala haiokoi iafoni iliyokufa upande mmoja.

Na dereva akifungulia spika zake hadi viti vitetemeke? Achana na mashindano, hutashinda. Toa iafoni, weka mfukoni, tazama nje. Nyatiti utaisikiliza jioni ukirudi Otonglo, na utahitaji masikio mazima ya kuisikia.